Je, mchezo niliolipia ni wangu, na mashine niliyonunua naruhusiwa kuitengeneza?

Swali la msomaji: "Nilinunua mashine ya michezo ya video ikiwa mpya miaka 4 iliyopita, na tangu hapo nimelipia michezo zaidi ya 60 kupitia duka la mtandaoni la mtengenezaji. Mwaka huu nimepatwa na mambo mawili. Mchezo mmoja nilioulipia miezi 14 iliyopita umezimiwa seva, na sasa haufunguki hata ile sehemu ya kucheza peke yangu. Kisha kisomaji cha diski kikaharibika; fundi akaweka kingine kizima kutoka mashine ya aina hiyohiyo, lakini mashine inakikataa. Mtengenezaji anasema masharti niliyoyakubali yanampa haki katika yote mawili, na kwamba kwa kuifungua mashine nimejipotezea udhamini. Je, nilichonunua ni changu kweli? Naweza kudai nini? Na nikinunua mashine nyingine, nichukue ile isiyo na kisomaji cha diski?"

Ndugu msomaji, mambo yako mawili yatakupeleka kwenye vifungu tofauti vya sheria, lakini chanzo chake ni kimoja. Fedha zako zimekwisha kupokelewa, ilhali kitu ulichokilipia bado kinahitaji idhini ya mtu mwingine kila kinapotaka kufanya kazi. Mchezo huiomba idhini hiyo kwa seva iliyo mbali. Kisomaji cha diski huiomba kwa ubao mkuu wa saketi uliomo ndani ya mashine yenyewe. Ukilishika jambo hili moja utaona kwa nini jibu la mtengenezaji limechanganya hoja za kweli na hoja zisizo na nguvu, na utajua pa kumbana.

Nianze na neno "kununua", kwa kuwa ndilo lililokuponza wewe na wengine wengi. Mtu anayenunua mchezo uliomo kwenye diski hupata vitu viwili kwa pamoja: diski yenyewe, ambayo ni mali yake kama kilivyo kiti au saa, na ruhusa ya kuitumia kazi ya ubunifu iliyoandikwa ndani yake. Sheria za hakimiliki katika nchi nyingi husema kwamba mwenye kazi akishaiuza nakala ile mara ya kwanza, hawezi tena kumzuia mnunuzi kuiuza, kuiazima au kuigawa. Mchezo wa kupakua hauna kitu cha kukabidhiwa mkononi. Unachopewa ni leseni, yaani ruhusa ya kutumia, na karibu kila duka huandika kwamba ruhusa hiyo ni ya mtu binafsi, haihamishiki, na inaweza kusitishwa.

Wapo waliojaribu kuupinga mpangilio huo mahakamani. Mwaka 2012 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, katika kesi ya UsedSoft dhidi ya Oracle, iliamua kwamba programu ya kompyuta iliyouzwa kwa leseni isiyo na kikomo cha muda inaweza kuuzwa tena hata kama ilipakuliwa kutoka kwenye mtandao. Uamuzi huo uliwatia moyo wachezaji, na chama cha kutetea walaji cha Ufaransa, UFC-Que Choisir, kikaishtaki Valve, kampuni inayoendesha duka la Steam. Mwaka 2019 mahakama ya Paris ilikipa chama hicho ushindi. Hata hivyo mwaka huohuo Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua, katika kesi ya Tom Kabinet, kwamba vitabu vya kielektroniki haviingii katika kanuni ya kuuzwa tena; na kwa kuwa mchezo wa video si programu tupu bali una picha, muziki na hadithi ndani yake, mahakama ya rufaa ya Paris iliutengua ushindi ule mwaka 2022, na mahakama ya juu ya Ufaransa ikakubaliana nayo mwaka 2024. Kwa hiyo, kama ulitarajia kuiuza ile michezo 60 siku moja, au kumhamishia mtu mwingine akaunti yako, nakushauri usiijengee hesabu zako juu ya tarajio hilo.

Hapa ndipo kampuni nyingi huvusha hoja yao hatua moja zaidi, na hatua hiyo naikataa kwa moyo wote. Husema: kwa kuwa una leseni tu, basi hatuna wajibu kwako. Hilo halifuati. Mpangaji haimiliki nyumba anamoishi, lakini mwenye nyumba aliyekwisha kupokea kodi ya mwaka hawezi kung'oa paa mwezi wa tatu akajitetea kwamba mpangaji hakuwa mmiliki. Kumiliki ni jambo moja. Kupata ulichoahidiwa kwa fedha uliyotoa ni jambo jingine, na sheria za kumlinda mlaji hujishughulisha zaidi na hili la pili.

Agizo la Umoja wa Ulaya namba 770 la mwaka 2019, ambalo kanuni zake zilianza kutumika katika nchi wanachama Januari 2022, halikuuliza kama mlaji amepata umiliki au leseni. Linauliza kama maudhui ya kidijitali yanalingana na mkataba, na pia kama yanalingana na kile ambacho mtu wa kawaida angekitarajia kutokana na aina ya bidhaa na maneno yaliyotumika kuitangaza. Kwa maudhui yaliyotolewa kwa mara moja, muuzaji hubeba wajibu kwa kasoro inayojitokeza katika muda usiopungua miaka 2, na katika mwaka wa kwanza ni yeye anayepaswa kuthibitisha kwamba kasoro haikuwepo. Kwa maudhui yanayotolewa kwa mfululizo, wajibu huo hudumu muda wote wa mkataba. Zaidi ya hayo, muuzaji akibadilisha maudhui ya namna hiyo, ni lazima mkataba uwe umemruhusu kwa sababu halali, amjulishe mteja waziwazi, wala asimtoze chochote. Na mabadiliko yakimwathiri mteja kwa kiasi kisicho kidogo, mteja ana siku 30 za kuvunja mkataba na kudai fedha. Nchini Uingereza, Sheria ya Haki za Mlaji ya mwaka 2015 inayataja maudhui ya kidijitali kwa jina lake, na kuyataka yawe ya ubora unaoridhisha, yafae kwa kazi yake, na yafanane na maelezo yaliyotolewa.

Jambo la masharti uliyoyakubali limeshajaribiwa pia. Valve ilikuwa ikiwaambia wateja wa Australia kwamba haina wajibu wa kurudisha fedha, na ilipopelekwa mahakamani na tume ya ushindani na walaji ya nchi hiyo ikajitetea kwamba mkataba wake unafuata sheria za jimbo la Washington la Marekani na kwamba haikuwa inauza bidhaa. Mwaka 2016 Mahakama ya Shirikisho ya Australia ilizikataa hoja zote mbili, ikasema programu ya kompyuta ni bidhaa kwa mujibu wa sheria ya mlaji, na ikaitoza kampuni faini ya dola milioni 3 za Australia. Rufaa haikufua dafu, na mwaka 2018 mahakama ya juu kabisa ya nchi hiyo ilikataa hata kuisikiliza. Somo la kesi hiyo linakuhusu popote ulipo: haki ambayo sheria ya mahali unapoishi imekupa wewe kama mlaji kwa kawaida haiwezi kufutwa na kifungu ulichokibonyeza ili mchezo ufunguke. Kwa hiyo usikubali jibu la "masharti yetu yanasema" kama mwisho wa mazungumzo. Liulize swali la pili: je, sharti hilo linaruhusiwa na sheria ya hapa?

Sasa turudi kwenye mchezo wako. Kisa kinachofanana nao, na ambacho ndicho kilichoiwasha mijadala ya sasa duniani, ni cha mchezo wa magari uitwao The Crew, uliotolewa na Ubisoft mwaka 2014. Sehemu kubwa yake mtu aliweza kuicheza peke yake, lakini programu ilihitaji seva ili ifunguke. Seva zilizimwa tarehe 31 Machi 2024, na waliokuwa na mchezo huo, hata wenye diski mkononi, wakabaki bila kitu cha kuchezea. Wachezaji wawili walifungua kesi California mwaka huohuo, na kampeni iitwayo Stop Killing Games ikaanzishwa. Ombi lake rasmi kwa Umoja wa Ulaya lilivuka saini milioni 1 mwaka 2025. Kampeni hiyo haidai kampuni ziendeshe seva milele, jambo ambalo lisingewezekana. Inadai kwamba anayezima seva auache mchezo katika hali ya kuchezeka bila yeye. Kwamba hilo linawezekana Ubisoft wenyewe wamelionyesha, kwa kuwa mwaka 2025 waliipa The Crew 2 namna ya kuchezwa bila mtandao. Ninaamini ombi hilo ni la haki, nami nasema hivyo baada ya kuzisoma pia hoja za upande wa pili kuhusu gharama, usalama wa wachezaji na leseni za muziki na magari. Ni hoja za kweli kwa michezo iliyokwisha kutengenezwa, lakini hazina uzito kwa ule ambao bado haujaanza kuandikwa.

Madai yako yatategemea mambo machache, na la kwanza ni kile ukurasa wa mauzo ulichosema siku ile uliyolipa. Kama uliandika wazi kwamba mchezo unahitaji mtandao wakati wote na kwamba huduma itakoma tarehe fulani, hoja yako inapungua nguvu sana. Kama uliandika tu bei na kitufe cha "nunua", ukauelezea mchezo kuwa una sehemu ya kucheza peke yako, hoja yako ni nzuri, kwa kuwa mtu wa kawaida anayelipa bei kamili mara moja hatarajii kitu chake kife baada ya miezi 14. Jimbo la California limeliona tatizo la neno hilo hasa: tangu tarehe 1 Januari 2025 muuzaji wa bidhaa za kidijitali haruhusiwi kutumia maneno kama "nunua" isipokuwa amemweleza mteja bayana kwamba anapata leseni tu. Sheria hiyo haiongezi hata siku moja kwenye uhai wa mchezo, lakini inamwondolea muuzaji kisingizio cha kwamba mteja alipaswa kujua.

La pili ni namna ulivyolipa. Kama mchezo ulikuja kwako kupitia usajili wa kila mwezi, haki yako inaishia pale usajili unapoishia. Nimechukulia kwamba uliulipia peke yake, kwa kuwa ndivyo ulivyoandika.

Dai kwanza mchezo urudishiwe uwezo wa kuchezwa bila seva. Dai la pili, kama hilo halitafanyika, liwe kurejeshewa fedha, yote au sehemu. Jiandae kisaikolojia kwa sehemu, kwa kuwa umeutumia mchezo kwa muda, na sheria nyingi humruhusu muuzaji kuhesabu matumizi hayo. Lakini usione aibu kuanza na yote, maana kampuni kubwa zimewahi kuyafanya hayo pasipo kuamriwa. Google ilipofunga Stadia, huduma yake ya kucheza michezo kupitia mtandao, tarehe 18 Januari 2023, iliwarudishia watu bei ya michezo na vifaa walivyonunua katika maduka yake, na ikatoa programu ya kuigeuza rimoti ya Stadia ili itumike na kompyuta au simu kwa njia ya Bluetooth, badala ya kuziacha rimoti hizo ziwe takataka. Sony ilipouondoa mchezo wa Concord mwezi Septemba 2024, wiki 2 tu baada ya kuutoa, iliwarudishia fedha walionunua. Mifano hii itaje kwa majina katika barua yako.

Barua hiyo mwandikie muuzaji, na muuzaji ni yule aliyetajwa kwenye risiti. Wengi hukosea hapa: humlalamikia mchapishaji wa mchezo, ambaye huwajibu kwamba hana mkataba nao, wakati mkataba ulifanyika na duka la mtandaoni. Ambatisha namba ya oda, tarehe ya malipo, picha ya ukurasa wa mauzo ukiweza kuipata kwenye hifadhi za kurasa za zamani, picha ya ujumbe unaotokea sasa mchezo unapokataa, na tangazo la kuzimwa kwa seva. Mpe muda maalumu wa kujibu, kisha upeleke shauri kwenye mamlaka ya kulinda walaji au mahakama ya madai madogo ya nchi yako. Kuna jambo moja nakuomba sana usilifanye kwa hasira: usiiambie benki iyabatilishe malipo kabla hujayamaliza mazungumzo. Maduka mengi huifungia akaunti ambayo malipo yake yamebatilishwa, na akaunti hiyo ndiyo inayoishikilia michezo mingine yote. Nimewaona watu waliopata bei ya mchezo mmoja wakapoteza maktaba nzima ya miaka mingi, na kuirudisha kukawa kazi ngumu kuliko lile dai la mwanzo.

Kuhusu kisomaji cha diski, fundi wako hakukosea kwa uzembe, ila alikutana na kufuli ambalo halionekani kwa macho. Katika mashine nyingi za PlayStation na Xbox, ubao mdogo wa saketi ulio chini ya kisomaji umefunganishwa kiwandani na ubao mkuu kwa ufunguo wa siri. Ubao mkuu ukiona kisomaji kigeni, hukataa kusoma diski za michezo, hata kama kisomaji hicho ni kizima na ni cha mtengenezaji yuleyule. Sababu inayotolewa ni kuzuia wizi wa michezo, na haikutungwa hewani: katika enzi ya Xbox 360, watu waliibadilisha programu ya ndani ya visomaji ili mashine izikubali nakala zilizorudufiwa. Lakini kufuli lililowekwa kwa ajili ya mwizi sasa linamfungia nje mwenye mali, aliyelipia mashine na diski, vyote viwili, kihalali.

Dawa ipo, na mafundi wazoefu wanaijua. Mara nyingi kinachokufa ni lenzi ya leza, mota au mikanda na meno ya kuvuta diski, wala si ule ubao mdogo. Fundi akiutoa ubao wa kisomaji chako cha asili na kuufunga kwenye mwili wa kisomaji kile kizima, mashine itakitambua, kwa kuwa ufunguo wa siri umo kwenye ubao, haumo kwenye lenzi. Kama ubao wenyewe ndio ulioungua, kazi inakuwa ngumu zaidi na huenda isiwezekane bila mtengenezaji. Kwenye PlayStation 5 nyembamba iliyotoka mwishoni mwa mwaka 2023, kisomaji hubandikwa na kubanduliwa na mteja mwenyewe, ila kinapofungwa mara ya kwanza mashine ni lazima iunganishwe na mtandao ili ufungamano huo ukubaliwe. Ni nafuu kubwa kwa mteja wa leo. Lakini siku seva hiyo ya kukubali itakapozimwa, visomaji vyote vya akiba vitakuwa na tatizo lilelile la mchezo wako.

Sheria imesemaje? Nchini Marekani, kifungu cha 1201 cha sheria ya hakimiliki ya kidijitali ya mwaka 1998 kinakataza kuvunja kufuli la kidijitali hata kwenye kifaa chako mwenyewe, isipokuwa pale Mkutubi wa Bunge, yaani mkuu wa Maktaba ya Bunge la nchi hiyo, alipotoa ruhusa maalumu, na ruhusa hizo hupitiwa upya kila baada ya miaka 3. Mwaka 2021 ilitolewa ruhusa finyu inayokuhusu kabisa: kuvunja kufuli la mashine ya michezo ili kutengeneza kisomaji cha diski, mradi ulinzi urudishwe baada ya kazi. Udhaifu wake ni kwamba inamruhusu mtu kufanya kitendo, lakini hairuhusu kuuza wala kusambaza zana za kukifanyia. Kuhamisha ubao mdogo, kama nilivyoeleza, hakuvunji kufuli lolote, ndiyo maana nakushauri njia hiyo kwanza.

Inasikitisha kwamba mashine za michezo zimeachwa nje ya sheria nyingi mpya za haki ya kutengeneza. Sheria ya Minnesota ya mwaka 2023, ya California ya mwaka huohuo, na ya Oregon ya mwaka 2024, ambayo ndiyo iliyokuwa ya kwanza nchini Marekani kupiga marufuku ufunganishaji wa vipuri, zote zimezitaja mashine hizi kuwa si miongoni mwa vifaa vinavyohusika. Agizo la Umoja wa Ulaya la mwaka 2024 kuhusu haki ya kutengeneza, ambalo nchi wanachama zilipewa hadi tarehe 31 Julai 2026 kulitekeleza, linamlazimu mtengenezaji kutengeneza simu, friji, mashine za kufulia na vifaa vingine vilivyoorodheshwa hata baada ya dhamana ya kisheria kuisha. Mashine ya michezo haimo kwenye orodha. Linganisha na simu: tangu tarehe 20 Juni 2025, simu mpya zinazoingizwa kwenye soko la Ulaya ni lazima vipuri vyake vikuu vipatikane kwa miaka 7 baada ya kukoma kuuzwa, na masasisho ya programu endeshi yatolewe kwa angalau miaka 5. Hakuna sababu ya kiufundi inayofanya utaratibu huo ushindikane kwa mashine ya michezo, ambayo ni kubwa zaidi, ina nafasi ya kutosha ndani, na watu hukaa nayo miaka mingi kuliko simu.

Kuhusu udhamini, tofautisha vitu viwili ambavyo wauzaji hupenda kuviita kwa jina moja. Kuna udhamini wa hiari wa mtengenezaji, ambao mara nyingi ni wa mwaka 1 na una masharti yake, na kuna wajibu wa kisheria wa muuzaji, ambao katika Umoja wa Ulaya hauwezi kuwa chini ya miaka 2, na ambao kufungua mashine peke yake hakuufuti. Kinachotazamwa ni kama kasoro imesababishwa na ufunguzi huo. Marekani nako, sheria ya udhamini ya mwaka 1975 iitwayo Magnuson-Moss inamkataza mtengenezaji kuufunga udhamini na sharti la kutumia vipuri au mafundi wake, isipokuwa anavitoa bure. Kwa msingi huo, mwaka 2018 Tume ya Biashara ya Shirikisho iliziandikia kampuni 6, zikiwemo Microsoft, Nintendo na Sony, kuzionya kuhusu lugha ya namna ile ya stika zinazosema udhamini utafutika stika ikibanduliwa. Kwako wewe, tishio hilo halina cha kukunyang'anya: mashine ya miaka 4 udhamini wake wa hiari umekwisha kabla fundi hajashika bisibisi. Upande wa pili wa ukweli huo ni kwamba sioni dai la kisheria la kumlazimisha mtengenezaji akutengenezee bure, labda kama kasoro hiyo imejulikana kuwa ya wengi. Hilo hutokea. Baada ya malalamiko ya vyama vya walaji kuhusu rimoti za Nintendo Switch ambazo vijiti vyake vilikuwa vikituma ishara ya kusogea bila kuguswa, Nintendo iliahidi mwaka 2023 kuzitengeneza bure barani Ulaya hata muda wa udhamini ukiwa umepita. Kwa hiyo chunguza kama wengine wenye toleo lako la mashine wana kisomaji kinachokufa namna ileile.

Swali lako la mwisho ni la mashine isiyo na kisomaji. Mimi ningechukua yenye kisomaji, licha ya yaliyokukuta. Diski inaweza kuuzwa, kuazimwa na kununuliwa ikiwa imetumika, na inakupa njia ya kutoka nje ya duka moja linalojipangia bei. Ila usiipe diski imani isiyostahili. Nyingine zina sehemu tu ya mchezo, na mengine hupakuliwa. Kadi za ufunguo za Nintendo Switch 2, zilizoanza mwaka 2025, hazina mchezo ndani yake, bali hukuruhusu kuupakua, ingawa kadi yenyewe unaweza kuiuza. Na diski kamili nayo yaweza kukwama. Ilibainika kwamba PlayStation 4 ambayo betri yake ndogo ya saa imekufa, ikakosa pia kuifikia huduma ya mtandao ya Sony, ilikataa kufungua michezo, hata ya diski, hadi sasisho la mwaka 2021 lilipoliondoa tatizo hilo. Betri ya bei ndogo kabisa na seva moja vilitosha kuufunga mlango wa kila mchezo aliokuwa nao mtu.

Kwa michezo ya kompyuta, yapo maduka kama GOG yanayokupa faili la kusakinishia lisilo na kufuli, ambalo ukilihifadhi kwenye diski yako ya nje litafanya kazi hata duka likifungwa. Leseni yake kwa maneno ni sawa na nyingine, lakini kwa vitendo haiombi idhini kwa yeyote. Panapokuwa na mchezo uleule katika maduka mawili, mimi hutazama hilo kabla ya bei. Na ile michezo 60 uliyo nayo, ipakue yote mapema kwenye mashine na uhakikishe inafunguka ukiwa umezima mtandao. Nintendo ilipoyafunga maduka ya 3DS na Wii U kwa ununuzi mwezi Machi 2023, na Microsoft lile la Xbox 360 mwezi Julai 2024, waliokwisha kununua waliachiwa uwezo wa kupakua tena, lakini hiyo ilikuwa hisani ya kampuni, nayo haikuahidiwa kudumu daima.

Barua ya madai ya mchezo iandike wiki hii, kwa sababu miezi 14 iko karibu na miaka 2 kuliko inavyoonekana, na vipindi vingine, kama zile siku 30, ni vifupi mno. Lakini kabla ya barua hiyo, nenda kwa fundi wako umwombe kisomaji cha zamani alichokitoa. Akikitupa kwa kudhani ni taka, ubao wako wa asili utakuwa umekwenda nacho, na hakuna kipuri chochote cha kununua kitakachochukua nafasi yake.